Ramani ya nyumba ya wazee ipimwe saa tisa usiku

*Swali: Sisi ni kikundi cha watu wa Tanga, wengine tuko nyumbani na wengine Muscat. Tumepewa bure ekari tatu nje ya mji, kilomita kama 15 hivi, na tunataka kujenga nyumba ya kulea wazee 40 wasio na wa kuwaangalia. Mchoraji ametuletea ramani: jengo la ghorofa moja, mabweni manne ya vitanda kumi kumi, vyoo na mabafu kwa nyuma, jiko kuu, ofisi na ukumbi wa watu 200. Tunataka wazee waishi kwa raha, na jengo listahimili joto, mvua na kukatika kwa umeme. Kuna cha kubadilisha kabla hatujachimba msingi? (Katibu wa kikundi)*

Kipo, Ndugu Katibu, tena kingi. Ramani mliyoletewa ni ya bweni la sekondari lililobadilishwa jina. Simlaumu mchoraji peke yake. Majengo ya kulaza watu wengi ndivyo yalivyozoeleka kwetu, na yote huchorwa kwa jicho la mgeni rasmi anayefika saa nne asubuhi: geti, ukumbi, vitanda vimetandikwa kwa mstari. Mimi ramani ya nyumba ya wazee naipima kwa saa nyingine. Ni saa tisa usiku, umeme umekatika, wahudumu wa zamu wako wawili tu, na bibi wa miaka 82 mwenye mtoto wa jicho na magoti mabovu ameamka anataka kwenda haja ndogo. Anafikaje chooni?

Kwa ramani yenu, anapapasa katikati ya vitanda vya wenzake, anafungua mlango wa bweni, anashika korido mpaka mwisho, kisha anatoka nje kufuata vyoo vya nyuma. Akiwa amepangiwa bweni la juu, kuna ngazi pia. Leo atafika salama, kesho atafika, siku moja ataanguka. Na nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea kama zamani, na si wachache wanaofariki kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo ghorofa ifutwe. Nyumba ya chini kwa watu 40, pamoja na vibaraza vyake, inataka mita za mraba kama 1,200. Hata ekari moja inatosha na nafasi inabaki.

Choo kiwe ndani ya chumba au katikati ya vyumba viwili, na mlango wake uonekane kutoka kitandani. Hili la kuonekana lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu aliyeanza kupoteza kumbukumbu akikiona choo hukitumia. Asipokiona hakumbuki kama kipo, na baada ya muda mnamvalisha nepi mtu ambaye hakuzihitaji. Fundi atawaambia vyoo 20 ni ghali. Mwambieni avipange mgongo kwa mgongo, vyoo viwili viegemee ukuta mmoja wa mabomba, gharama ishuke. Fedha mliyotaka kuweka kwenye ngazi na zege la ghorofa itafanya kazi hiyo na chenji irudi.

Nikiwa hapo hapo chooni, niruhusuni nikae kidogo, maana ndipo nyumba nyingi za wazee zinapoharibikia. Kiti cha choo kiwe na kimo cha sentimita 45 hadi 48, mzee akae na kuinuka bila kujirusha. Wapo watakaosema hawajawahi kutumia choo cha kukaa; wekeni kimoja au viwili vya kuchuchumaa kwa wenye magoti mazima, lakini navyo viwe na vishikio ukutani. Kishikio kiwe cha bomba unaloweza kulizungushia vidole, unene wa sentimita tatu na nusu hadi nne, kifungwe kwenye ukuta wa tofali kwa skrubu ndefu, maana siku kitakapohitajika kitabeba mwili mzima. Vyoo vingine viwekewe kishikio upande wa kulia na vingine kushoto, kwa sababu mtu aliyepata kiharusi ana mkono mmoja tu wa kujishikilia na hamjui mapema ni upi. Bomba la kujisafishia liwe mahali mkono unapofika bila mtu kujipinda. Na msipake kila kitu rangi nyeupe. Vigae vyeupe ukutani, vigae vyeupe chini, sinki jeupe, choo cheupe: kwa mwenye mtoto wa jicho hapo hakuna choo, kuna ukungu. Kiti cha choo kiwe cha buluu au chekundu, na kishikio kiwe na rangi inayotofautiana na ukuta.

Kwa kuwa ni Tanga, jambo moja zaidi. Makka kutoka kwenu iko karibu kaskazini kamili. Vyoo vielekezwe mashariki au magharibi tangu kwenye ramani. Kuhamisha bomba la maji taka baada ya shehe kuja kuzindua ni hasara na aibu. Kila nyumba iwe na pa kutawadhia palipo na kiti cha zege na bomba la chini, ili mzee aoshe miguu akiwa amekaa, si amesimama mguu mmoja juu ya maji.

Sakafu ya bafu na ya chumba iwe usawa mmoja, bila kizingiti. Maji yazuiwe kwa mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita kuelekea kwenye tundu. Tarazo iliyong'arishwa inapendeza sana, na ni adui. Vigae vya kukwaruza, au saruji iliyopigwa fagio kidogo, vinatosha. Epukeni pia mistari ya vigae vyeusi katikati ya vyeupe: mzee mwenye macho dhaifu akiona kipande cheusi sakafuni anaona shimo, anasimama au anajaribu kuliruka. Pale palipo na tofauti ya kimo, badala ya kidato wekeni mteremko, mita 12 za urefu kwa mita moja ya kupanda au laini zaidi, na reli pande zote mbili.

Mwanga. Jicho la mtu wa miaka 60 linahitaji mwanga kama mara tatu ya ule unaomtosha kijana wa 20. Kwa usiku, taa ndogo za chini, urefu wa kifundo cha mguu, kutoka kitandani hadi chooni, ziwe kwenye waya wake wa sola na betri, zisitegemee umeme wa gridi hata siku moja. Ni watti chache sana. Kama bajeti ya sola itawaruhusu kitu kimoja tu, kiwe hicho, kabla ya friji na kabla ya televisheni.

Sasa idadi. Bweni la watu kumi mnaliona dogo kwa sababu mnalilinganisha na shule. Mzee hahitaji wenzake kumi wa kulala nao; anahitaji wenzake kumi wa kula nao. Marekani, mwaka 2003, zilifunguliwa mjini Tupelo, Mississippi, nyumba za kwanza za mpango wa Green House, ulioanzishwa na daktari mmoja anayeitwa Bill Thomas: wazee kama kumi kwa nyumba, kila mmoja na chumba na bafu lake, jiko wazi, meza moja ndefu. Uholanzi, katika mji wa Weesp karibu na Amsterdam, kijiji cha De Hogeweyk kilichofunguliwa 2009 kinalea watu wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, sita au saba kwa nyumba, na chakula kinapikwa humo humo. Najua mtu wenu wa Muscat ataona picha za kijiji hicho, duka lake, mgahawa na ukumbi wa maonyesho, atake vyote. Mzuieni. Waholanzi wamelazimika kujenga mtaa ndani ya ukuta. Ninyi mtaa mnao. Cha kuiga ni nyumba ndogo yenye jiko.

Kwa hiyo 40 wawe nyumba nne za watu kumi. Hapo mtaniuliza: wahudumu wawili wa usiku wataangaliaje nyumba nne? Swali sahihi, na ndilo linaloua mipango mingi ya nyumba ndogo katika nchi zisizo na mishahara ya Uholanzi. Jibu ni kuzijenga pacha. Nyumba mbili ziungane kwa kibaraza kilichoezekwa, na hapo kwenye maungio kiwepo chumba cha mhudumu wa usiku chenye dirisha pande zote mbili, anaona mapito yote mawili bila kuinuka. Pacha moja ya wanawake, pacha moja ya wanaume, na vyumba viwili vitatu vya mume na mke. Wahudumu wawili wanatosha kwa usiku wa kawaida, na kila mmoja anawajua watu 20 kwa majina na kwa tabia: nani huamka saa nane, nani hukohoa akidanganya kuwa amelala. Maradhi ya kuambukiza yakiingia, na wakati wa Korona tumeona yanavyopita kwenye majumba ya wazee duniani, mnaifunga nyumba moja huku tatu zinaendelea na maisha.

Vyumba viwe vya mtu mmoja mmoja? Vitabu vya Ulaya vinasema ndiyo, bila mjadala. Mimi nasita. Kuna wazee wa kwetu ambao hawajawahi kulala peke yao chumbani tangu kuzaliwa, na ukiwapa chumba cha peke yao wanaona wametengwa. Chukueni njia ya kati: vyumba vidogo vya mita tatu kwa nne, na vichache viwe na mlango wa katikati unaoweza kufunguliwa vikawa vyumba viwili vya mtu na rafiki yake. Kinachotakiwa ni mzee aulizwe, na jengo liweze kufuata jibu lake. Wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha mwaka 1976 utafiti wa nyumba moja ya wazee huko Connecticut: kundi moja liliambiwa maamuzi ya maisha yao ni yao, kila mmoja akachagua mmea wa kutunza mwenyewe, kundi jingine likaambiwa wahudumu watashughulikia kila kitu, hata mimea. La kwanza lilichangamka zaidi na kuonekana na hali bora. Katika ramani hilo lina vipimo vyake: swichi inayofikika ukiwa umelala, dirisha linalofunguka kwa mkono dhaifu, kabati lenye ufunguo unaokaa na mwenye kabati, na nafasi ya sanduku alilokuja nalo. Mita moja na robo ya ukuta mtupu inatosha sanduku. Msiijaze kwa samani mpya za msaada.

Turudi usiku, kwa sababu kuna jambo ambalo sijalisikia likitajwa katika swali lenu, nalo ni moto. Nyumba zetu zimejaa grili. Dirisha grili, mlango grili, kofuli, na ufunguo ana mlinzi ambaye saa tisa usiku yuko kwenye kibanda cha geti. Kwa mzee hiyo ni hatari kuliko mwizi. Kila chumba kiwe na mlango wa pili wa kutokea kibarazani au dirisha kubwa ambalo grili yake inafunguka kwa komeo la ndani bila ufunguo. Milango iwe na upana usiopungua sentimita 90, na ile ya mapito mita moja na robo, kitanda chenye mtu kipite kikisukumwa. Katikati ya kila pacha uwepo ukuta unaopanda mpaka chini ya bati, si kuishia kwenye dari, na mlango mzito. Hapo wahudumu wawili hawatahitaji kuwatoa watu 20 nje gizani. Watawasukuma kutoka upande unaoungua kwenda upande wa pili, na kusubiri msaada. Mitungi ya gesi ikae nje.

Joto nalo lina hadithi ambayo kila mwenye kutaka kuweka viyoyozi vyumba vyote aisome. Septemba 2017 kimbunga Irma kilipita Florida, na nyumba moja ya wazee katika mji wa Hollywood ikapoteza umeme wa mtambo wake wa kupoza hewa. Jengo halikubomoka. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara, ina umeme. Vifo 12 vilihesabiwa kuwa vimetokana na joto lile. Mwaka uliofuata jimbo likaweka sheria: nyumba za wazee ziwe na jenereta na mafuta ya kuzuia joto lisipite nyuzi kama 27 za Selsiasi kwa saa 96. Jengo lililochorwa kwa kiyoyozi, likikosa umeme, ni tanuri. Kwenu chorini jengo linalopumua lenyewe, halafu muongeze feni.

Na Tanga inawasaidia. Mko nyuzi kama tano kusini mwa ikweta, jua la mchana linapita juu ya vichwa na kuinama kidogo tu, Juni upande wa kaskazini na Desemba upande wa kusini. Kuta ndefu zenye madirisha zikitazama kaskazini na kusini, na paa likitoka nje mita moja na robo, jua la adhuhuri halifiki dirishani mwaka mzima. Kuta fupi za mashariki na magharibi, zinazopigwa na jua la asubuhi na la alasiri, ziachwe bila madirisha au zipewe miti. Upepo wa kusi na wa kaskazi unazipata kuta hizo hizo ndefu, mradi chumba kina dirisha mbele na nyuma. Ndiyo sababu nyingine ya kuikataa korido ya katikati yenye vyumba pande mbili. Madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo kila fundi atawauzia, yanafunguka nusu tu. Ya luva au ya bawaba yanafunguka karibu yote. Wavu wa mbu unapunguza upepo sana, kwa hiyo dirisha lenye wavu liwe kubwa kuliko mlivyokusudia. Lakini wavu uwepo, kwa sababu feni haimfikii vizuri mtu aliyejifunika chandarua. Bati liwe la rangi nyeupe au ya fedha, na kati yake na dari pawe na nafasi yenye matundu ya kutolea joto.

Baada ya joto la 2003 lililoua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, nchi ile ilizitaka nyumba za wazee ziwe na angalau chumba kimoja cha pamoja kilichopozwa. Igeni hilo. Kila pacha iwe na sebule moja ya kuta nene, dari ya juu na feni za sola, upande wa kivuli. Februari, adhuhuri, wazee walio dhaifu wakae hapo, wapewe maji kila mara. Mzee hasikii kiu kama kijana. Anaweza kuishiwa maji mwilini bila kuomba hata glasi.

Maji: kwa nyumba ya watu kumi na wahudumu wao mimi huweka lita 1,000 kwa siku, kufua kukiwemo. Tangi la lita 5,000 kwa kila nyumba ni siku tano bila bomba la mtaani. Paa la nyumba hiyo, mita za mraba kama 300, mvua moja nzuri ya milimita 25 linashusha lita 7,500; toeni moja ya tano inayopotea, bado tangi limejaa. Liinueni mita tatu juu ya ardhi ili maji yashuke yenyewe umeme usipokuwepo. Kisima pimeni chumvi kabla ya kukitegemea. Msingi uinuliwe, ardhi iwe na mitaro kabla ya masika, na waulizeni majirani wenye umri maji ya mvua kubwa hufika wapi. Wataonyesha kwa kidole.

Eneo lenyewe nalo lina tatizo. Ekari tatu za bure kilomita 15 nje ni ghali. Baadhi ya makazi yetu ya zamani, kama Bukumbi huko Mwanza, yalianzia kama makambi ya wagonjwa wa ukoma, na yaliwekwa mbali kwa sababu kutenga ndiko kulikokuwa lengo. Ninyi lengo lenu ni kinyume chake. Mbali kule kila mhudumu atataka nauli, gari la wagonjwa litachelewa, binamu atakuja mwezi wa kwanza na hatakuja tena. Kama aliyewapa ataridhia, badilisheni na ekari moja mjini, karibu na msikiti, kanisa, shule ya msingi au soko. Akikataa, angalau jengo liwe kando ya barabara wanakopita watu, si mwisho wa shamba kwenye utulivu. Wanaotaka utulivu ni sisi tunaofanya kazi.

Nyumba za zamani za Kiswahili zilijua kupanga hatua za mtu kuingia: baraza nje kwa kila mpitaji, daka la mlangoni kwa mgeni, ua ndani kwa wenyeji. Chukueni mpangilio huo huo. Baraza mbele itazame barabara, iwe na kivuli na mgongo wa kuegemea, kimo cha kiti cha choo nilichotaja, pahala pa bao na kahawa. Daka lipokee wageni na daktari bila kupita mbele ya vyumba vya kulala. Ua wa ndani uwe wa njia inayozunguka na kurudi ilipoanzia, kwa ajili ya wale wanaotembea tembea kwa kupoteza kumbukumbu: watembee, wasikute mlango uliofungwa wa kugombana nao. Uzio wa upande huo ufunikwe na mimea. Katika milango ya vyumba msiandike namba. Kila mmoja atundike kanga yake, kofia yake, picha yake.

Jiko la kila nyumba liwe na meza ya kukaa, watu wachambue mchele na kukuna nazi kama wanavyotaka. Jiko kuu la nje libaki kwa maharage na wali wa wengi. Nataka harufu ya vitunguu ifike vyumbani saa tano, maana hiyo ndiyo inayowaamshia njaa wazee wasiotaka kula.

Na harufu nyingine. Ukiingia nyumba ya wazee ukapokewa na harufu ya mkojo, usimlaumu mhudumu kabla hujatazama sehemu ya kufulia. Wazee 40, baadhi hawajizuii, ni mashuka mengi kila siku, masika yote pia. Ramani yenu haina chumba cha kufulia kabisa. Wekeni kimoja kikubwa chenye karo mbili, mlango wa nguo chafu na mlango mwingine wa nguo safi, na uwanja wa kuanikia ulioezekwa bati la kupitisha mwanga. Wekeni na chumba cha wahudumu kupumzika na kuoga. Mlezi asiye na pa kukaa hudumu miezi michache.

Pia chumba cha msiba. Najua si jambo la kulitaja kwenye harambee. Lakini nyumba ya wazee 40 itakuwa na vifo kila mwaka, na pasipo mahali maalumu maiti hutolewa alfajiri kwa mlango wa nyuma huku wenzake wakijifanya wamelala. Wote wanajua. Chumba kidogo chenye maji, meza ya kuoshea na mlango mpana, pembeni mwa ua, na mbele yake nafasi ya turubai, kinawawezesha kuagana na mwenzao kama watu.

Fedha ya haya yote iko wapi? Iko kwenye ukumbi wa watu 200. Ufuteni. Mtaukodisha kwa harusi mara chache, na siku hizo wazee hawatalala. Badala yake jengeni sebule ya watu 60 mbele, ifanye kazi ya kituo cha mchana kwa wazee wa mtaa wanaoishi na jamaa zao: waje wapimwe shinikizo na sukari, waoge, wale, warudi nyumbani jioni. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliiweka familia kuwa mlezi wa kwanza na makazi kuwa njia ya mwisho. Kituo cha mchana kikiwapunguzia watoto na wajukuu mzigo, wengine kati ya hao 40 mnaowafikiria hawatahitaji kuhama kwao kabisa. Ndiyo maana nawashauri muanze na pacha moja, watu 20, pamoja na kituo hicho. Pacha ya pili ingojee mwaka mmoja au miwili, mtakapokuwa mmejua mnawalea nani.

Kabla ya msingi fanyeni zoezi hili, halina gharama. Mwiteni mchoraji uwanjani na chokaa. Achore chumba kimoja na choo chake kwa vipimo kamili, wekeni kitanda halisi, stuli mahali pa choo, vijiti mahali pa milango. Azimeni kiti cha magurudumu. Kisha mwombeni mama mmoja wa mtaani mwenye magoti mabovu atoke kitandani, afike kwenye stuli, akae, ainuke, arudi, huku mhudumu akimsaidia kwa upande mmoja, halafu kwa mwingine. Mpeni posho yake na mumsikilize. Pale atakapokwama, futeni chokaa, songezeni mstari, arudie tena. Mchoraji aandike vipimo vipya papo hapo, akiwa amesimama.